SOMO LA FAMILIA: "Maziwa yangu yamekauka"

 Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu msome 1 Samweli 1:21-23. Kila mwaka Elkana alipanda kwenda Shilo pamoja na nyumba yake. Lakini Samweli alipozaliwa, Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atabaki nyumbani mpaka mtoto aache kunyonya, na Elkana akakubali. Sisi huhubiri sana juu ya maombi ya Hana, na juu ya siku alipompeleka mtoto kwenye nyumba ya Bwana. Ile miaka ya katikati, ya kukaa na kunyonyesha, tunaipita haraka. Leo tukae hapo.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya neno moja ninalolisikia mara kwa mara kwa akina mama, iwe Base Camp, Juru au Rubondo: "Mama, maziwa yangu yamekauka."

Dada mmoja aliniambia hivyo mtoto wake akiwa na majuma saba. Alikuwa amefika kutoka Kongo akiwa na mimba kubwa, amepoteza ndugu njiani. Jirani mzee akamwambia kwamba maziwa ya mama anayelia msiba yameharibika, yatamdhuru mtoto. Naye alikuwa anakula mara moja kwa siku, akaona kweli, mwili huu utatoa maziwa wapi? Akaanza kununua maziwa ya ng'ombe, akayaongezea maji ili yafike siku mbili, akamnywesha kwa chupa. Baada ya siku chache mtoto akaanza kuhara. Kituo cha afya kiliwatuma Mbarara, kwenye hospitali kubwa, na mtoto alipofika utosi ulikuwa umebonyea na macho yameingia ndani.

Yule jirani hakuwa na nia mbaya. Lakini yale mambo mawili, huzuni na njaa, tuyaangalie vizuri, maana hapa Nakivale yanatuhusu wengi.

Mwili wa mama una kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kutengeneza maziwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama unapata habari na kuamuru maziwa mengine yatengenezwe. Titi lililonyonywa vizuri linajazwa tena. Titi lisilonyonywa linapunguza kazi. Kazi ya pili ni kuyasukuma yatoke. Hapo ndipo hofu na huzuni huingia: mama mwenye mshtuko anaweza kuona mtoto anavuta na maziwa hayatoki. Hayajakauka wala hayajaharibika, yamezuiwa kwa muda tu. Mama akae mahali penye utulivu, amlaze mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mtu mwingine amkande mgongo, anywe kitu cha moto, na yataanza kushuka. Machozi hayaingii ndani ya maziwa.

Na njaa? Wote tunajua jinsi mgao ulivyopunguzwa mwaka 2020, tena 2021, na mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi. Siwezi kuwaambia mama mwenye njaa hana shida. Ana shida. Lakini shida hiyo inampata yeye kwanza. Mwili wake unachukua akiba yake mwenyewe ili mtoto apate, na maziwa hupungua sana pale tu mama anapokonda kupita kiasi. Kwa hiyo ukiwa na shilingi kidogo, usinunue maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya mtoto mchanga. Nunua chakula cha mama. Anayenyonyesha anahitaji kama sahani moja zaidi kila siku: maharagwe, lengalenga, sombe, ndagala, parachichi. Mlishe mama, na mama atamlisha mtoto.

Najua tuko katika nchi ya ng'ombe. Isingiro na Mbarara maziwa hayakosekani, na ni chakula kizuri kwa mkubwa. Kwa mtoto mchanga ni mazito kwa figo zake, yana madini ya chuma kidogo mno, na yanaweza kuumiza utumbo. Ukiyaongezea maji ya ziwa au ya jerikeni isiyooshwa, umempa na uchafu. Chupa ndiyo mbaya zaidi: shingo nyembamba na chuchu ya mpira haviosheki vizuri kwa maji machache na kuni za kununua.

Hata mahali penye fedha jambo hili limeua. Nchi ya Botswana ilikuwa inawapa bure maziwa ya unga akina mama wenye virusi vya UKIMWI. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zikanyesha, maji yakachafuka, watoto wengi wakaharisha na kufa. Wachunguzi walipotazama waliolazwa hospitalini, karibu wote walikuwa hawanyonyi.

Basi mtoto anyonye katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Yale maziwa ya kwanza ya njano msiyakamue na kuyamwaga. Yana kinga, na tumbo la mtoto bado ni dogo, yanamtosha. Kisha miezi sita maziwa ya mama peke yake, bila uji, bila maji, hata jua likiwaka. Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, zaidi ya 85 ni maji. Baada ya miezi sita uji na vyakula laini vianze, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

Utajuaje kwamba anashiba? Usitazame kilio. Karibu na wiki ya sita watoto wengi hulia sana, hasa jioni, na wanataka kunyonya kila wakati. Hapo ndipo mama wengi wanakata tamaa. Tazama mkojo. Mtoto aliyepita wiki ya kwanza akikojoa mara sita au zaidi kwa mchana na usiku, na uzito ukipanda kwenye kadi yake, maziwa yanatosha. Wapo mama wachache ambao kweli hawana ya kutosha. Huyo asijihukumu, aende kituo cha afya au amwone VHT wa kijiji chake, na vivyo hivyo kwa yatima aliyeachwa na mamaye.

Kwa mama mwenye virusi: usiache kunyonyesha kwa woga, na usichanganye. Tangu 2012 Uganda inawapa dawa za kila siku mama wote wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Meza dawa bila kuruka, mtoto apewe dawa yake, umnyonyeshe peke yake miezi sita, kisha fuata wanavyokuambia kliniki. Kumpa titi na vitu vingine pamoja ndiko kunakoongeza hatari.

Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa, akihema haraka, akishikwa na degedege au akilegea, msingoje Jumapili tuje kuomba. Tutaomba mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Na akiharisha, aendelee kunyonya.

Sasa nirudi kwa Elkana, maana nina neno na akina baba. Yeye alikwenda Shilo, mkewe akabaki, na hakuna aliyemwita Hana mvivu wa ibada. Kwetu mama aliyejifungua majuma matatu tunamtaka kwaya, tunamtaka mkesha, anachota maji, anatafuta kuni, kisha tunashangaa maziwa kupungua. Baba, jerikeni hiyo beba wewe. Na wazee wa kanisa mnisamehe: mama akimnyonyesha mtoto katikati ya mahubiri, msimkazie macho. Afadhali titi kuliko kilio, hata kwa mhubiri.

Yule dada wa Mbarara walimfundisha kumweka mtoto kwenye titi kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, hata likiwa tupu, na kumwongezea kwa kikombe kile walichompimia. Siku nne za kwanza alilia. Siku ya tano akaona matone. Baada ya majuma mawili na zaidi kikombe kikawekwa pembeni. Mtoto sasa anatembea, na Jumapili iliyopita alinivuta kitambaa cha kichwa wakati wa matangazo.

Mama mwenye swali anione baada ya ibada, chini ya mti, upande wa jikoni. Aje na mumewe.