Mtoto Mgonjwa Nyumbani: Je, Mashaka Yenu Yanalingana?



Ni saa nane za usiku. Mtoto analia, ameshika miguu, na mwili una joto. Mama anasema, "Baba, twende hospitali sasa hivi." Baba anajibu, "Tungoje kuche." Kabla ya jogoo kuwika mmekwisha kutupiana maneno ambayo hamjapata kuambiana tangu siku ya arusi. Mama anaona mumewe hamjali mtoto. Baba anaona mkewe ana woga wa bure. Katika nyumba nyingi za namna hii nilizotembelea, nimeona wote wawili wanampenda mtoto sawasawa. Kisicholingana ni mashaka yao.

Na mashaka hupimwa. Msicheke. Mwaka 1983 muuguzi mmoja Mmarekani, Merle Mishel, alitoa kipimo kwa ajili ya wazazi ambao mtoto wao amelazwa. Kina sentensi 31. Mzazi husoma kila moja na kuonyesha anakubaliana nayo kiasi gani, kwa ngazi tano, kisha alama hujumlishwa. Za chini kabisa ni 31, za juu kabisa 155. Mishel aliyagawa mashaka ya wazazi katika mafungu manne: dalili hazisomeki, leo nafuu na kesho vibaya, maelezo yalitolewa lakini hayakueleweka, maelezo hayakutolewa, na la mwisho, mambo ya mbele hayatabiriki.

Mimi nayapenda mafungu hayo kuliko jumla ya alama, kwa sababu kila fungu lina dawa yake. Tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na ambao familia za Nyanza, Magharibi na Pwani zinaujua vizuri mno.

Usiku ule wa homa, swali lenu la kweli ni hili: je, hali hii inaweza kungoja? Mashaka haya yanapunguzika, maana yako mambo yanayojulikana. Mtoto wa selimundu mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi hangojewi hadi asubuhi. Vivyo hivyo akipumua kwa shida au kuumwa kifua, akipauka ghafula na tumbo kuvimba upande wa kushoto kwenye bandama, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea. Andikeni dalili hizo nyuma ya kadi ya kliniki, mbandike na nyingine ukutani, na mkubaliane mchana, mkiwa mmetulia, kwamba ikionekana hata moja hakuna mjadala. Wekeni na nauli ya usiku mahali mnapopajua wote wawili.

Maelezo yasiyoeleweka ndiyo yanayovunja nyumba. Mzazi huambiwa kwa haraka, katikati ya foleni ndefu, kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi. Akifika nyumbani, neno "kurithi" limekwisha kuwa "umetoka kwenu". Sivyo. Ili mtoto awe na aina ile iliyo ya kawaida zaidi ya selimundu, lazima apokee chembe ya urithi kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na mara nyingi wazazi wenyewe ni wazima kabisa. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne ya kupata mtoto mzima anayebeba chembe hiyo kama wao, na moja kati ya nne ya kupata asiyeibeba kabisa. Na hesabu huanza upya kila mimba! Msidhani kwamba mkishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata ni lazima wawe wazima. Hata wanafunzi wa Bwana Yesu, mbele ya yule kipofu wa kuzaliwa, walianza kwa kutafuta mwenye kosa, naye akawakatalia.

Kuhusu maelezo yasiyotolewa sitasema mengi: ulizeni. Asidi foliki ni ya nini? Penisilini apewe mpaka umri gani? Hidroksiyurea itamfaa mtoto wetu? Kwa nini anywe maji mengi na kukingwa na baridi? Muuguzi hataona ninyi ni wajinga.

Kuhusu kesho, hakuna daktari anayeweza kuwatajia siku ambayo maumivu yatarudi. Hapa Mishel aliona jambo ambalo nimeliona mwenyewe: kutojua si adui wakati wote. Mtu anayeogopa habari mbaya huweza kushikilia kutojua kwake kama tumaini. Basi mama anapouliza kila kitu na baba anapokwepa kliniki, huenda baba hajakimbia mzigo. Analinda tumaini lake kwa njia yake. Lakini mkewe atajuaje, kama haambiwi?

Kwa hiyo jaribuni hivi, jioni moja watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja achukue karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake, aandike sentensi hizi: najua ugonjwa wa mtoto wetu umetokana na nini, najua dalili za kutuondoa usiku, nilielewa maneno ya daktari mara ya mwisho, najua kazi ya kila dawa, najua mwenzangu anaogopa nini. Kando ya kila sentensi aweke namba, 1 ikiwa ana hakika kabisa, hadi 5 ikiwa hana hakika hata kidogo. Kisha badilishaneni. Msijumlishe. Tafuteni mahali namba zilipoachana sana, mwanzie hapo kuzungumza. Hiki si kile kipimo cha hospitali, ni mwanya tu wa kufungulia mazungumzo.

Bwana na bibi mmoja wa jumuiya yetu, walioniruhusu kusimulia bila majina, walifanya hivyo wakati mtoto wao alipokuwa na miaka sita. Kwenye sentensi ya kwanza mama aliandika 1, baba 5. Mama alikuwa ameelezwa kliniki miaka minne nyuma, akadhani alimwambia mumewe. Baba kwa miaka hiyo yote aliamini damu mbaya ni ya ukoo wake, na kwamba mkewe ananyamaza kwa kumhurumia. Siku ya kliniki iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda naye, na maswali matatu ameyaandika kwenye karatasi. Mawili yalijibiwa. La tatu lilikuwa kama mtoto ataweza kwenda shule ya bweni, na daktari akawaambia hilo wangoje waone.