Kifungua kinywa cha kulaza: andaa usiku, hela ibaki mfukoni asubuhi

Somo la leo ni la jikoni, lakini lengo lake ni lile lile la kila wiki: hela uliyoitolea jasho ifike nyumbani.

Kodi ya chumba tunaijua ni kiasi gani. Vocha ya simu tunaijua. Ila chai ya asubuhi hatuiandiki popote. Unaamka umechelewa, gari la kazini linakungoja, unapita mgahawani unachukua chapati ya mayai na chai ya karak, unalipa baisa mia nne, maisha yanaendelea. Kesho hivyo hivyo. Haraka ya asubuhi ndiyo inayokula hela, maana mtu mwenye haraka hana muda wa kupanga bei. Dawa yake ni kumaliza kazi usiku, ukiwa umetulia.

Jambo hili si geni kwetu. Mchele wa vitumbua tunauloweka usiku. Unga wa maandazi tunaukanda jioni ukalala ukaumuka. Na kiporo cha wali tunakijua sote. Chakula cha leo ni ndugu yao, tena Wamarekani wengi hukipika asubuhi ya Krismasi: mkate unakatwa vipande, unamiminiwa mayai yaliyopigwa na maziwa, unalala kwenye friji usiku kucha, asubuhi unaingia ndani ya oveni. Mkate unakunywa mayai na maziwa, ukiiva unakuwa laini ndani na wa rangi ya dhahabu juu. Kwetu tuuite mkate wa kulaza.

VITU UNAVYOHITAJI (vipande 8)

- Mkate wa slesi 10 hadi 12. Mkate uliolala, wa jana au juzi, ndio mzuri zaidi kwa sababu umekauka na unanyonya vizuri. Mkate mpya sana unageuka uji. Wenye ukungu usiutumie kabisa, hata ukiukwangua.
- Mayai 8.
- Maziwa vikombe 3 (mililita 750). Maziwa ya unga yaliyokorogwa yanafaa pia.
- Kitunguu maji 1 kikubwa, pilipili hoho 1, nyanya 2.
- Kuku wa jana aliyeiva, au maharage ya kopo yaliyochujwa maji, kama kikombe kimoja na nusu.
- Chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga, na bizari kidogo ukipenda.
- Mafuta ya kukaangia na ya kupaka treya.

JINSI YA KUANDAA USIKU

1. Kaanga kitunguu, hoho na nyanya mpaka maji ya nyanya yakauke. Usiiruke hatua hii. Nyanya mbichi zinatoa maji na mkate wako utalowa chini.

2. Acha mboga zipoe. Ukizimimina za moto juu ya mayai, yataanza kuiva kabla ya wakati.

3. Paka mafuta treya au bakuli la oveni lenye upana wa kama sentimita 23 kwa 33. Kata mkate vipande vya ukubwa wa tende mbili, panga nusu yake chini. Juu yake weka mboga na kuku au maharage. Malizia na mkate uliobaki.

4. Vunja mayai moja moja kwenye kikombe kabla ya kuyachanganya, ili yai viza lisikuharibie mengine saba. Piga na maziwa, chumvi na viungo. Mwagia polepole juu ya mkate wote, kisha bonyeza kwa mgongo wa kijiko mpaka kila kipande kilowe.

5. Funika vizuri, weka kwenye friji papo hapo. Kilale usiku mmoja, na kisizidi saa 24 kabla ya kupikwa.

ASUBUHI

Washa oveni nyuzi 180 za Selsiasi. Walioko Marekani ni nyuzi 350 za Farenhaiti. Kama treya yako ni ya kioo, itoe kwenye friji wakati oveni inapata moto, maana kioo cha baridi kikiingia ghafla kwenye moto mkali kinaweza kupasuka. Oka kikiwa kimefunikwa dakika 30, kisha funua uoke dakika 20 hadi 25 nyingine. Chomeka kisu katikati: kikitoka bila maji maji ya mayai, kimeiva. Mwenye kipimajoto cha chakula atazame katikati pafike nyuzi 71. Kiache dakika 10 kabla ya kukata, kishikane.

KAMA UNATOKA ALFAJIRI

Fundi wa ujenzi anayepanda gari saa kumi na nusu alfajiri hana saa nzima ya kusubiri oveni. Na wakati wa joto ratiba ndivyo inavyokuwa. Oman hairuhusu kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni hadi Agosti, kwa hiyo makampuni mengi yanaanza mapema. Kaka, wewe geuza utaratibu: oka jioni baada ya kazi, kata vipande, kipoe kidogo, weka kwenye friji ndani ya saa mbili. Alfajiri unapasha kipande chako tu mpaka kiwe moto kabisa hadi katikati. Kikishaiva kinakaa kwenye friji siku 3 hadi 4.

Wenye kufunga, utaratibu huu unafaa kwa daku. Andaa baada ya tarawehe, ukiamka unawasha moto, unasoma au unajimwagia maji, chakula kinaiva chenyewe.

KAMA HAMNA OVENI

Vyumba vingi vya wafanyakazi vina jiko la plate mbili tu. Tumia nusu ya vipimo: mayai 4, maziwa kikombe 1 na nusu, slesi 5 au 6, na mboga na maharage nusu. Chukua sufuria nzito isiyoshika chakula, yenye mfuniko unaobana. Paka mafuta, mimina, weka moto mdogo kabisa, na chini ya sufuria tanguliza tawa ili moto usiunguze. Dakika 25 hadi 30. Ukiona juu pameshikana, geuzia kwenye sahani, rudisha upande wa pili dakika 5.

Najua wengine watakumbuka mkate wa kumimina wa nyumbani, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Hiyo ni kazi ya uwanjani tu. Msiwashe makaa chumbani hata siku moja, hata dirisha likiwa wazi. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na hawaamki. Hakuna akiba inayolingana na hilo.

MAYAI NA JOTO

Mayai na maziwa havivumilii joto la Ghuba. Kikiwa kibichi au kimeiva, chakula hiki kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kwa hiyo kula kabla ya kutoka. Usikifunge kwenye mfuko ukakiacha juani mpaka saa nne ya mapumziko. Kuumwa tumbo siku mbili ni mshahara wa siku mbili kwa anayelipwa kwa siku, na hapo umepoteza kuliko ulichookoa mwezi mzima.

Friji iwe na ubaridi wa nyuzi 4 au chini yake. Kama friji ya chumba haipoi vizuri au kuna mtu anaizima usiku, usilaze mchanganyiko wa mayai humo. Kata mkate na mboga usiku, vunja mayai asubuhi. Na andika jina na tarehe juu ya mfuniko, mpungue ugomvi.

SASA HESABU

Tuchukue mfano wa Oman. Bei hizi ni za mfano. Weka za dukani kwako.

- Mayai 8 (trei la mayai 30 kwa riyali 1 na baisa 500): baisa 400
- Mkate: baisa 350
- Maziwa: baisa 450
- Mboga: baisa 200
- Maharage au kuku: baisa 300
- Mafuta, chumvi, viungo: baisa 50
- Majani ya chai na sukari kwa vikombe 8: baisa 170

Jumla: baisa 1,920, yaani karibu riyali 2. Gawa kwa watu 8, au watu 4 kwa asubuhi mbili: baisa 240 kwa kila mlo, pamoja na chai.

Mgahawani ulilipa baisa 400. Umebakiza baisa 160. Kwa siku 26 za kazi ni riyali 4 na baisa 160. Kwa miezi 12 ni karibu riyali 50. Riyali ya Oman ni kama dola 2.60, kwa hiyo hiyo ni kama dola 130. Si hela ya kujenga nyumba, na tusidanganyane. Lakini ni hela ambayo ilikuwa inapita mkononi bila jina, na sasa unaweza kuipa jina: sare na madaftari ya mtoto, mbolea ya shamba, dawa za mama.

Angalia mambo matatu hapa.

La kwanza, ukinogesha, akiba inayeyuka. Ongeza soseji na jibini za riyali moja, kila mlo unafika baisa 365. Unabakiza baisa 35 kwa siku, hata riyali moja kwa mwezi haifiki. Jibini iwe ya sikukuu.

La pili, hela usiyoitenga si akiba. Ukiacha baisa 160 mfukoni, zitanunua soda mchana. Weka kopo, au andika kwenye daftari, na mwisho wa wiki zihamishie kwenye akaunti.

La tatu, usitume riyali 4 peke yake. Mara nyingi ada ya kutuma inakatwa kwa kila muamala, na ukituma kidogo kidogo ada inakula chote. Iongeze kwenye ile unayotuma kila mwezi, ziende pamoja. Na kabla ya kutuma ulizia vitu viwili, ada ni kiasi gani na wanabadilisha kwa kiwango gani, kwa sababu ada ndogo yenye kiwango kibaya ni ghali vile vile.

KWA WALE MNAOKAA CHUMBA KIMOJA

Chakula hiki kinalipa mkiwa wengi. Mkiwa wanne, pokezaneni kama upatu au chama: leo fulani ananunua na kuandaa, keshokutwa mwingine. Andikeni matumizi kwenye daftari moja ambalo kila mtu analiona. Asiyekula nyama ya aina fulani aulizwe mapema. Maharage hayana mgogoro na mtu. Na kama kampuni inawapa chakula cha asubuhi, kuleni hicho.

KWA DADA ZETU WA KAZI ZA NDANI

Dada, hesabu yako ni tofauti. Kwa kawaida chakula chako ni juu ya mwajiri. Qatar, kwa mfano, Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa ndani chakula na mahali pafaapo pa kulala. Kwa hiyo vitu vya mkate huu visitoke kwenye mshahara wako. Ukiwa umetumwa dukani na umetumia hela yako, tunza risiti urudishiwe siku hiyo hiyo, kwa upole: “Mama, risiti hii hapa ya mayai na maziwa.”

Faida yako wewe ni muda. Nyumba yenye watoto wanne wa shule, kila mmoja anataka chake, asubuhi inakuchosha kabla siku haijaanza. Mwambie mama wa nyumba jioni: “Kesho nitawaandalia chakula cha oveni, watoto watakula pamoja.” Akikubali, muulize kama kuna mtoto anayedhurika na mayai, maziwa au ngano, kwani vyote vitatu vimo humu. Asubuhi kazi yako ni kuwasha oveni tu, na wewe pia unapata kukaa ukanywa chai yako ya moto kabla ya heka heka.

KAZI YA WIKI HII

Kwa siku saba, andika kila unachotumia asubuhi kabla ya saa nne: chai, chapati, maji, sigara kama unavuta. Usibadilishe kitu, andika tu. Siku ya nane jumlisha, uone asubuhi zako zinakugharimu kiasi gani. Halafu usiku wa kuamkia siku yako ya mapumziko, ambapo hakuna gari linalokusubiri, jaribu mkate huu mara moja na hesabu gharama yake kwa bei za dukani kwako. Ukiona tofauti, panga na wenzako chumbani siku za kupokezana, na chagueni mapema kila mmoja akiba yake itaitwa nani.