Mashine ya Kuchimba Sarafu za Mtandao: Piga Hesabu Kwanza



Zamani, masultani wa Kilwa Kisiwani walitengeneza sarafu zao wenyewe. Zilikuwa sarafu ndogo za shaba, zimeandikwa jina la sultani. Zilifika mbali. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Siku hizi kuna sarafu za namna nyingine. Hizi hazishikwi mkononi. Zimo ndani ya kompyuta tu. Inayojulikana zaidi ni Bitcoin, iliyoanza Januari 2009. Watu husema sarafu hizi "huchimbwa" kwa mashine. Vijana wengi wanauliza: je, naweza kuichimba nyumbani kwangu?

Tuchukue mfano. Kijana mmoja wa Kilwa ameuza ufuta wake mnadani na kulipwa. Ameonyeshwa kwenye simu mashine iliyotumika, bei shilingi milioni 2. Kabla ya kutuma pesa, amekwenda kwa mjomba wake, ambaye ni fundi umeme.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umepata pesa ya ufuta, naona unatabasamu."

"Nataka kununua mashine ya kuchimba Bitcoin. Inafanya kazi usiku na mchana, mimi nimelala."

"Haya, kaa. Lete kalamu na daftari."

Kuchimba maana yake nini?

Hakuna jembe wala shimo. Bitcoin ina daftari moja kubwa la mauzo na malipo. Nakala za daftari hilo ziko katika kompyuta nyingi duniani. Kila baada ya dakika 10 hivi, ukurasa mpya huongezwa. Mashine zote hushindana kubahatisha namba fulani. Itakayoipata kwanza ndiyo huandika ukurasa na kupewa zawadi.

Mwaka 2009 zawadi ilikuwa sarafu 50 kwa ukurasa. Hupunguzwa nusu kila baada ya miaka 4 hivi. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125 tu. Kwa siku kuna kurasa kama 144. Basi dunia nzima hugawana sarafu 450 kwa siku. Mashine zikiongezeka, sarafu haziongezeki. Namba ndiyo hufanywa ngumu zaidi.

Namba mbili za kuangalia

"Hiyo mashine yako ni aina gani?" mjomba aliuliza.

"Antminer S19 Pro."

Mjomba alimwambia aangalie namba mbili. Ya kwanza ni kasi: mashine inabahatisha mara ngapi kwa sekunde. Hii hubahatisha mara trilioni 110. Ya pili ni wati: inakula umeme kiasi gani. Hii hula wati 3,250.

Gawanya wati kwa kasi. 3,250 gawa kwa 110 ni kama wati 30 kwa kila trilioni moja. Sasa chukua mashine ya zamani, Antminer S9 ya mwaka 2016. Kasi yake ni trilioni 13 na nusu, na hula wati kama 1,350. Hiyo ni wati 100 kwa kila trilioni. Inauzwa rahisi, lakini kwa kazi ile ile hula umeme zaidi ya mara tatu. Rahisi inaweza kuwa ghali.

Hesabu ya umeme

Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Wati 3,250 kwa saa 24 ni uniti 78 kwa siku.

"Uniti 78!" kijana alishtuka.

"Kwa siku moja. Bei nafuu ya umeme wa majumbani ni kwa mtu asiyezidi uniti 75 kwa mwezi mzima. Wewe utaivuka kabla jua la pili halijachomoza."

Kwa siku 30 ni uniti 2,340. Tukikadiria shilingi 350 kwa uniti, pamoja na kodi, ni shilingi 819,000 kwa mwezi. Angalia risiti yako ya LUKU uweke bei yako mwenyewe.

"Lakini mjomba, gesi ya Songo Songo si iko hapa hapa kwetu?"

"Gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme. Lakini mita haiulizi unakaa wapi."

"Na umeme wa jua?"

"Paneli moja ya wati 400 hutoa kama uniti 2 siku yenye jua zuri. Utahitaji paneli 39, na betri za usiku juu yake."

Hesabu ya mapato

Mwaka 2025 nguvu ya mashine zote duniani ilikaribia ile ya S19 Pro milioni 9. Gawa sarafu 450 kwa milioni 9. Fungu la mashine moja ni sehemu moja ya 20,000 ya sarafu kwa siku. Kwa mwezi ni sarafu 0.0015.

Tuseme sarafu moja ni shilingi milioni 250. Bei hupanda na kushuka, lakini tuweke hiyo. Utapata shilingi 375,000.

Mapato: 375,000
Umeme: 819,000
Hasara kwa mwezi: 444,000

Na hapo hatujatia bei ya mashine. Ili mapato yalingane na umeme tu, uniti moja isizidi shilingi 160.

Hatari za nyumbani

1. Waya. Wati 3,250 gawa kwa volti 230 ni ampea 14. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Itapata moto. Mashine hii yataka waya wake mnene na swichi yake, vikiwekwa na fundi.

2. Joto. Umeme wote unaoliwa hugeuka joto. Ni kama kuwasha pasi tatu chumbani mchana na usiku.

3. Kelele. Feni zake huvuma bila kupumzika. Watoto hawatalala.

4. Chumvi na vumbi. Feni huvuta hewa ya bahari ndani, na vyuma huota kutu.

Sheria yasemaje?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Mwaka 2024 sheria ya fedha iliweka kodi ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kodi hiyo haimaanishi kwamba serikali itakurudishia ukipoteza. Na mtu akikuambia, "Nitumie pesa, mashine yako iko kwangu, nitakupa faida kila siku," kimbia. Mashine usiyoiona huwezi kuihesabia.

Wapi inafaa?

Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwenye kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro. Umeme ulikuwapo, wanunuzi hawakutosha. Umeme ambao ungepotea bure waliugeuza fedha. Mwenye kununua umeme kwa LUKU hayuko katika hali hiyo.

Kijana alifunga daftari. "Mjomba, milioni 2 zimepona."

"Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukionyeshwa mashine nyingine kesho, fungua ukurasa huu, ubadilishe namba."

Maswali

1. Mashine ya wati 2,000 ikiwaka saa 24, hula uniti ngapi?
2. Kwa shilingi 350 kwa uniti, utalipa kiasi gani kwa siku 30?
3. Kwa nini mashine ya bei rahisi inaweza kuleta hasara kubwa?
4. Virunga walikuwa na kitu gani ambacho kijana wa Kilwa hakuwa nacho?

Majibu ya hesabu: (1) uniti 48. (2) shilingi 504,000.