Baada ya Kidato cha Nne Butula: Chuo cha Karibu Kihesabiwe Kwanza

Matokeo ya KCSE yakitoka mwezi Januari, familia nyingi za Marachi, hapa Butula, huanza kuhesabu kutoka juu: chuo kikuu kwanza, Nairobi ikiwezekana, halafu vyuo vingine vyote huwa vya waliokosa. Kijitabu hiki kinawaomba wazazi na wanafunzi waanzie chini, kwenye chuo kinachofikika kutoka nyumbani na kozi ambayo gredi iliyopo inaiwezesha leo. Katika mtihani wa 2024 kulikuwa na watahiniwa 962,512, na waliopata C+ au zaidi, yaani gredi ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Katika kila wanne, takriban watatu hawakufika hapo. Familia inayopanga karo yote kwa ajili ya huyo mmoja inacheza bahati nasibu. Swali la nini kifuate baada ya shule lina umri mkubwa: mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na politekniki za vijijini zikazaliwa katika mjadala huo. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kwa kaunti, huku vyuo vikuu na taasisi za kiufundi zikibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mwenye lalamiko kwamba kituo cha kijijini hakina mashine amwendee MCA wake, yaani mwakilishi wa wadi. Mbunge si mlango wake, ingawa mazishini ndiye husikia lalamiko hilo.

Chini ya C+ milango ni mingi kuliko inavyosemwa. Mwenye C- anaweza kusomea diploma, mwenye D cheti, na mwenye D- au hata E anaweza kuingia kozi za ufundi za ngazi ya kwanza. Kwa kijana wa Butula hii ina maana ya vyuo vya kiufundi vya Bumbe kule Samia na Sigalagala upande wa Kakamega, Bukura kwa kilimo, na kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, mjini Busia, ambako diploma ya uuguzi huanzia C pamoja na masharti ya masomo kama biolojia. Anayefikisha C+ ana Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, iliyopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022, pamoja na Kibabii na Masinde Muliro katika kaunti jirani. Ngazi hizi zinaungana. Sheria ya 2014 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu inakusudia mtu apande kutoka cheti hadi diploma, na kutoka diploma hadi digrii.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya pesa, na hapa wengi hukosea kwa kutazama karo peke yake. Kabla ya 2023, kozi katika chuo cha kiufundi cha serikali iligharimu shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000 na familia 26,420. Mfumo mpya ulipandisha jumla hadi 67,189 na kugawa msaada kwa kutazama uwezo wa kila familia. Sasa chukua mfano wa chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi katika mji wa mbali. Kwa mwaka ni 36,000, tayari zaidi ya sehemu ya karo iliyokuwa ikilipwa na mzazi, na bado hatujataja unga wala nauli. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kiwekwe chini ya msimamizi mwaka 2019, miwa nayo si kitu cha kuwekea ahadi ya kodi ya nyumba. Tena, kupata nafasi kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, si kupata fedha: ufadhili na mkopo huombwa kando, na asiyeomba hubaki na bili yote.

Wapo watakaosema kwamba kazi ziko Nairobi. Nyingi ziko huko, ni kweli. Hata hivyo Busia na Malaba si vijiji: malori ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo, na magari hayo yanahitaji makanika, fundi umeme na mawakala wa forodha, ambao wana cheti chao kinachotambuliwa Afrika Mashariki. Pingamizi lililo zito zaidi ni la wasichana. Anayesoma akitokea nyumbani hukuta maji, jembe na watoto vikimngoja, na kitabu hufunguliwa saa nne usiku. Hilo hatulipingi. Jibu letu ni kwamba bweni la chuo cha karibu liingizwe katika hesabu tangu mwanzo, maana hata likiongezwa, nauli ya kwenda na kurudi hubaki ndogo na mzazi anaweza kufika siku hiyohiyo binti akiugua.

Kuna pia wanaovuka mpaka. Busitema, chuo kikuu cha umma cha Uganda kilichoanzishwa 2007, kiko kwenye barabara ya Tororo, karibu nasi kuliko Eldoret. Kumbuka tu kwamba Uganda ina kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa chochote KCSE yako itahesabiwaje, na shahada utakayorudi nayo itatambuliwaje Kenya. Kwa vyuo vya kiufundi vya upande huu, swali la kuuliza langoni ni kama TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, imeidhinisha chuo na pia kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na kibali cha ushonaji kikatangaza umeme. Kisha omba kuonyeshwa karakana siku ya masomo, wanafunzi wakiwa kazini, uone kila mashine inagawanywa na wangapi.