SOMO LA UFUGAJI: KUKU NA BATA KATIKA USIKU WA KIPUPWE

Msimu wa kipupwe, yaani miezi ya Juni hadi Agosti, hauji kwa sura moja katika wilaya za Tarime na Serengeti. Katika nyanda za juu za Tarime, zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku huandamana na ukungu na umande mzito. Upande wa Serengeti, kuanzia Mugumu hadi vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa, hewa huwa kavu zaidi, lakini upepo wa alfajiri ni mkali. Pande zote mbili, hii ni miezi ambayo mfugaji asiyejiandaa huweza kufungua banda asubuhi na kukuta vifaranga wamekufa, na kuku wakubwa wamejikunyata huku wakitoa makamasi.

Hasara hiyo si ndogo. Katika kaya nyingi kuku ni akiba iliyo karibu kuliko zote. Ndiye anayeuzwa mtoto anapohitaji madaftari, au mgonjwa anapohitaji nauli ya kwenda hospitali, na mara nyingi fedha yake huwa mikononi mwa mama wa nyumba. Tuchukue mfano wa hesabu. Tetea mmoja akiangua vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka, na kila mara wakapona 3 tu, kaya hupata kuku 9. Wakipona 8 kila mara, kaya hupata kuku 24. Tofauti ya kuku 15 imetokana na tetea yuleyule, katika ua uleule.

Lengo la somo hili ni kumwezesha mkazi kuivuka miezi hii bila hasara hiyo, kwa vifaa vilivyopo kijijini.

1. Adui ni yupi?

Wengi hudhani kuwa baridi ndiyo inayoua kuku, hivyo huziba kila tundu la banda kwa magunia na udongo. Ukweli ni kwamba kuku mkubwa mwenye afya ana joto la mwili la takribani nyuzi 41 za Selsiasi, na manyoya yake ni blanketi la kutosha kwa usiku wa kwetu. Kuku hufugwa hata Canada na Finland, ambako maji huganda. Kinachomdhuru ni unyevu, hewa chafu, na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala.

Kuku na bata hutoa unyevu usiku kucha kwa pumzi na kwa kinyesi. Hewa hiyo yenye joto hupanda juu. Isipopata njia ya kutoka, hugusa bati lililopoa, hugeuka matone na kuwadondokea ndege. Manyoya yaliyolowa hayahifadhi joto. Wakati huohuo kinyesi kilicholowa hutoa harufu kali ya amonia inayochoma macho na njia ya hewa, na hapo mafua hupata mlango. Matandazo yaliyolowa pia hukuza vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao huua vifaranga kwa wingi. Mabanda ya zamani yaliyoezekwa kwa nyasi yalipitisha hewa kidogo kidogo kupitia paa. Bati halipitishi, hivyo ni lazima mfugaji aiachie hewa njia kwa makusudi.

2. Banda lipumue juu, lizibwe chini

Kanuni ni rahisi kuikumbuka: ziba chini, acha wazi juu.

Kwanza, jua upepo unatoka wapi. Tazama moshi wa jikoni jioni na alfajiri unaelekea upande gani. Ukuta unaopokea upepo uzibwe kwa udongo, mabanzi au magunia hadi juu ya usawa wa vichwa vya kuku waliolala.

Pili, chini kidogo ya paa, katika pande mbili zinazotazamana, acha uwazi wa upana wa takribani sentimita 15. Uwazi huo ufunikwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, ili kicheche, paka pori na nyoka wasipite.

Tatu, weka fito za kulalia. Kuku anapotulia juu ya ufito hufunika miguu yake kwa manyoya ya tumbo na hukaa mbali na ubaridi wa sakafu. Kila kuku apewe nafasi ya sentimita 20 kwenye ufito. Kwa eneo zima, mita moja ya mraba itoshe kuku wakubwa 5.

Nne, tandika maranda ya mbao, pumba za mpunga au nyasi kavu zilizokatwakatwa, kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Kipimo cha unyevu ni mkono wako. Chukua konzi ya matandazo, ifinye, kisha fungua kiganja. Yakisambaa, ni makavu. Yakibaki donge, yatolewe na kuwekwa mengine. Usitumie nyasi zenye ukungu, kwa kuwa vumbi lake huugusa mfumo wa hewa wa ndege na hata wa mfugaji.

Wakazi wanaosumbuliwa na siafu watumie banda la kichanja, na miguu yake isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Kundi la siafu likiingia usiku huweza kummaliza tetea aliyeatamia pamoja na vifaranga wake.

3. Bata wana mahitaji yao

Bata huvumilia baridi kuliko kuku, lakini hunywa maji mengi na kinyesi chake ni cha majimaji. Akilazwa pamoja na kuku, huliharibu banda kavu kwa siku chache. Kwa hiyo bata walale chumba chao, hata kama ni kwa kuweka kizuizi cha mabanzi. Mita moja ya mraba itoshe bata 3. Aghalabu bata wa nyumbani hulala sakafuni, hivyo matandazo yao yawe mazito zaidi na yaongezwe mara kwa mara.

Chombo cha maji ya bata kiwe nje ya banda, na kiwe na kina cha kumwezesha kuzamisha kichwa na kusafisha pua. Usiku, maji ya bata wakubwa yakiondolewa, chakula nacho kiondolewe, kwa sababu bata huweza kukabwa na chakula kikavu akikosa maji.

Tahadhari nyingine inahusu watoto wa bata. Wale walioanguliwa na kuku, au wanaolelewa bila mama, hawapati mafuta ya manyoya ambayo bata mama huwapaka kwa kuwakumbatia. Wakiingia bwawani hulowa, hupoa na kufa. Wasiruhusiwe kuogelea hadi waote manyoya.

4. Vifaranga: hapa baridi ni hatari kweli

Kifaranga mchanga hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Katika juma la kwanza huhitaji mazingira ya nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hupunguzwa kwa takribani nyuzi 3 kila juma hadi manyoya yatakapoota. Mlezi bora kwa gharama ndogo ni tetea mwenyewe. Mlaze na vifaranga wake ndani ya tenga lililotandikwa nyasi kavu, mahali pasipo na upepo, na asubuhi wasitolewe nje hadi umande ukauke.

Pasipo na tetea, tumia taa ya umeme iliyofungwa imara juu ya boksi. Pasipo na umeme, jaza maji ya moto katika chupa au madumu, yafunge vizuri, yazungushie kitambaa na uyaweke kando ya vifaranga. Yabadilishe yanapopoa. Wasikilize na kuwatazama: wakirundikana na kulia kwa sauti kali, wana baridi, wakikimbilia pembezoni huku midomo wazi, joto limezidi, wakitawanyika na kutulia, wameridhika.

5. Onyo kuhusu jiko la mkaa

Kwa kuhofia wezi na wanyama, baadhi ya familia hulala chumba kimoja na kuku, na usiku wa baridi huingiza jiko la mkaa ili kuwapasha joto. Jambo hili lisifanyike kamwe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na humkuta mtu akiwa usingizini. Inaua kuku, na inaua watoto na watu wazima pia. Hakuna kifaranga anayestahili kulindwa kwa uhai wa binadamu. Ikibidi kuku walale ndani, wawekewe tenga katika chumba chao au jikoni baada ya moto kuzimwa kabisa.

6. Chakula cha jioni

Saa moja kabla ya kuingia bandani, wape kuku na bata punje za mtama, ulezi au mahindi yaliyoparazwa. Kazi ya kusaga chakula hicho tumboni huzalisha joto usiku. Hakikisha nafaka ni kavu. Mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na bata ni miongoni mwa ndege wanaodhurika upesi zaidi. Sumu hiyo ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kula lishe ya karanga zilizochafuka. Nafaka usiyoweza kumpa mwanao kwa sababu ya ukungu, usimpe kuku wala bata.

7. Chanjo itangulie baridi

Banda zuri halizuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu husababishwa na virusi, hauna tiba, na huweza kumaliza karibu kundi lote lisilochanjwa. Dalili zake ni kuhema kwa shida, kinyesi cha kijani, mabawa kulegea na shingo kupinda. Bata huweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwatenga na kuku.

Chanjo ya I-2, inayofaa kwa mazingira ya vijijini kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huhitaji takribani majuma mawili kujijenga, hivyo ratiba nzuri ni Mei, Agosti, Novemba na Februari. Kuku mgonjwa asichanjwe. Katika kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Simiyu mwezi Juni 2025, Serikali ilitangaza kuwa kuku wa asili watachanjwa bila malipo. Mkazi amwone Afisa Mifugo wa Kata ili kujua ratiba ya kijiji chake.

Kuku anayenunuliwa mnadani, au anayetoka upande wa pili wa mpaka wa Sirari, atengwe kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine. Vifo vya ghafla vitolewe taarifa mara moja kwa Afisa Mifugo au Mtendaji wa Kijiji. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwa kina; isiuzwe, isiliwe, wala isitupwe katika Mto Mara na vijito vyake.

Jipime

Kesho alfajiri, kabla ya kufungua banda, jibu maswali haya manne:

1. Ukichutama usawa wa kuku, je, macho yanawasha kwa harufu?
2. Ukigusa bati kwa ndani, je, mkono unalowa?
3. Konzi ya matandazo inabaki donge?
4. Miezi mitatu imepita tangu chanjo ya mwisho?

Jibu la "ndiyo" katika swali la kwanza au la pili linamaanisha kuwa uwazi wa juu hautoshi. Katika la tatu, badilisha matandazo siku hiyohiyo. Katika la nne, fika ofisi ya Kata. Maafisa ugani wapo kwa ajili ya kazi hiyo, na wakazi watano au zaidi wakikusanya kuku wao siku moja, chupa moja ya chanjo huwatosha wengi bila kuharibika.