Je, shahada ya lugha ingali inalipa?

Kabla ya kuingia mwaka wa tatu nilichukua daftari nikapiga hesabu. Niliandika minerval, kodi ya chumba, nauli na fotokopi za masomo, nikadhani nimemaliza. Ndugu yangu mkubwa, aliyeacha shule akanunua pikipiki ya kubeba abiria, akaniuliza: "Na pesa ambazo hukuzipata miaka hii yote, mdogo wangu, umeziandika wapi?" Hapo nikaelewa kwamba gharama ya masomo ni ile tunayolipa pamoja na ile tunayokosa kupata.

Upande wa mapato nao una ugumu wake. Wengi wetu tutafundisha katika shule za sekondari. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi. Sekondari mwalimu mpya anaweza kufundisha miaka kadhaa kwa prime ya wazazi, kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Kwa hiyo tusiulize tu mshahara ni kiasi gani. Tuulize pia utaanza lini.

Je, tuache masomo? Mimi sikuacha. Tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na anayetafsiri vizuri kati ya Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza ana kitu cha kuuza. Lakini mteja hutazama kwanza ukurasa uliotafsiriwa, ndipo aulize diploma. Ndiyo maana kila muhula ninahifadhi tafsiri tano zilizosahihishwa na mwalimu. Mwanafunzi mwenzangu, fungua daftari lako: pembeni ya gharama, umeandika nini?