Kuusoma Mwelekeo wa Hali ya Hewa wa Tambarare za Juu za Marekani Baridi Inapokaribia

Tambarare za Juu ni ukanda mpana wa nyasi na mashamba ulio mashariki mwa Milima ya Rocky nchini Marekani, unaoanzia magharibi mwa Dakota Kusini na mashariki mwa Wyoming, ukapita magharibi mwa Nebraska, mashariki mwa Colorado na magharibi mwa Kansas, hadi kuishia katika pembe ya Oklahoma na kaskazini mwa Texas. Ardhi hiyo huonekana bapa kwa macho, lakini kwa hakika huinama taratibu kuelekea mashariki: Denver, iliyo karibu na milima, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Dodge City, katika jimbo la Kansas, haifiki mita 800. Mwinamo huo, pamoja na kukosekana kwa mlima wowote wa kuzuia hewa ya baridi itokayo Kanada, ndio chanzo cha mengi yanayoelezwa humu.

Kijitabu hiki kimekusudiwa wasemaji wa Kiswahili waishio katika ukanda huo, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nyama, madereva wa malori ya masafa marefu na familia zilizowasili kutoka Kongo, Burundi na kwingineko. Kinahusu mwisho wa majira ya kupukutika majani, yaani kipindi cha kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, ambapo mchana hupungua hadi chini ya saa kumi na hali ya hewa inaweza kugeuka kabisa kabla ya jua kutua.

Maana ya mwelekeo

Utabiri hueleza hali inayotazamiwa siku fulani mahali fulani, kwa mfano theluji kuanguka kesho jioni, lakini mwelekeo hueleza tu upande ambao msimu mzima una uwezekano mkubwa zaidi wa kuegemea. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani hutoa mwelekeo wa miezi mitatu kila Alhamisi ya tatu ya mwezi, na katika kuuandaa hulinganisha msimu ujao na miaka 30 ya 1991 hadi 2020, iliyogawanywa katika mafungu matatu yaliyo sawa: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Mgawanyo huo ni uleule ambao wengi walilelewa nao bila kuujua, kwa kuwa mamlaka za hali ya hewa za Afrika Mashariki huutumia zinapotangaza mwelekeo wa mvua za vuli na masika.

Pasipokuwa na dalili yoyote, kila fungu lina uwezekano wa asilimia 33. Ramani ikionyesha asilimia 45 kwa joto la juu ya wastani, maana yake ni kwamba katika misimu 20 ya namna hiyo, takriban tisa itakuwa ya joto na 11 haitakuwa hivyo. Kwa hiyo asomaye ramani hiyo na kuhitimisha kwamba baridi haitakuja amejidanganya, hata kama ramani yenyewe haina kosa. Vilevile eneo lililoachwa jeupe halimaanishi kwamba hali itakuwa ya wastani, bali kwamba wataalamu hawakupata sababu ya kupendelea fungu lolote kati ya matatu.

Sababu kubwa ya kuegemea upande mmoja hutoka mbali sana, katika maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Maji hayo yakipoa kwa angalau nusu nyuzi ya Selsiasi chini ya kawaida na hali hiyo ikadumu kwa miezi kadhaa, huitwa La Niña, na mkondo wa upepo wa juu unaoendesha dhoruba husogea kaskazini, hivyo kusini mwa Tambarare za Juu huelekea kuwa na ukavu na joto, ilhali majimbo ya kaskazini huelekea kupata baridi zaidi. El Niño, ambayo ni kinyume chake, mara nyingi huleta unyevu kusini. Jambo hili linawagusa watu wa pande mbili za dunia kwa wakati mmoja: La Niña iliyojirudia kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 ilihusishwa na kukosekana kwa mvua katika Pembe ya Afrika, na pia na ukame uliofanya mavuno ya ngano ya Kansas ya 2023 kuwa miongoni mwa madogo kabisa kwa takriban miaka 60.

Wastani unaoficha mengi

Katika ukanda huu wastani wenyewe haupaswi kuaminiwa sana. Sehemu kubwa ya mvua ya mwaka hunyesha kati ya Aprili na Septemba, na kufikia Novemba maeneo mengi hupata chini ya milimita 25 kwa mwezi mzima, zikiwemo zile zitokanazo na theluji iliyoyeyuka. Dhoruba moja basi inatosha kuutoa mwezi katika fungu la ukavu na kuuingiza katika fungu la unyevu, na mwezi unaoandikwa kwenye takwimu kuwa wa kawaida unaweza kuwa na wiki tatu za jua na siku mbili ambazo barabara zote zilifungwa.

Joto nalo huyumba vivyo hivyo. Upepo wa magharibi unaposhuka kutoka milimani hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake na kupata joto la takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Huo ndio upepo uitwao Chinook, ambao tarehe 22 Januari 1943 ulipandisha joto la mji wa Spearfish, Dakota Kusini, kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu yake kwa dakika mbili. Hewa ya kaskazini huja kwa njia nyingine: huteleza juu ya tambarare bila kizuizi, kama ilivyokuwa tarehe 11 Novemba 1911, wakati mji wa Oklahoma City, ulio mashariki zaidi, ulipofikia nyuzi 28 mchana na kushuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri kabla ya usiku wa manane. Upepo wa mashariki, ambao mgeni angeudhania kuwa mpole, ndio unaostahili kutazamwa zaidi na wakazi wa Denver na Cheyenne, kwa sababu hupanda mwinamo wa ardhi, hewa yake hupoa kadiri inavyopanda, na mvuke wake hugeuka kuwa theluji nzito.

Hatari ya ukavu haizungumzwi kiasi cha kutosha, pengine kwa sababu siku kavu ya Novemba yenye jua hupendeza. Ngano ya majira ya baridi hupandwa Septemba na Oktoba, na inahitaji unyevu ili ishike mizizi kabla ya kulala chini ya baridi; isiposhika, udongo hubaki wazi kwa upepo. Mwaka 2021 masika ya Colorado yalikuwa na mvua iliyokuza nyasi, kisha nusu ya pili ya mwaka ikawa kavu na yenye joto, na Denver haikuona theluji ya kupimika hadi tarehe 10 Desemba, ambayo ni tarehe ya kuchelewa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Tarehe 30 Desemba upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa ulisukuma moto katika miji ya Superior na Louisville, na zaidi ya nyumba 1,000 ziliteketea kwa siku moja. Kwa hiyo mwelekeo wa ukavu na joto ni taarifa ya hatari pia, na inapotangazwa tahadhari ya bendera nyekundu, yaani onyo kwamba upepo mkali na hewa kavu vinaweza kueneza moto haraka, kuchoma taka au kutupa kipande cha sigara ni kuhatarisha mtaa mzima.

Dhoruba na baridi ya upepo

Dhoruba ya theluji huhesabiwa kuwa blizadi pale upepo unapofikia kilomita 56 kwa saa, macho yakawa hayaoni zaidi ya mita 400, na hali hiyo ikadumu kwa saa tatu. Kiasi cha theluji hakimo katika maana hiyo, kwa kuwa hata theluji iliyokwisha kuanguka inaweza kupeperushwa hadi dereva asione ncha ya gari lake. Blizadi inapowahi kufika, madhara huzidi: mwanzoni mwa Oktoba 2013 magharibi mwa Dakota Kusini mvua ililowesha ng'ombe waliokuwa bado katika malisho ya kiangazi na ambao manyoya yao ya baridi hayajaota, kisha theluji na upepo vikafuata, na maelfu mengi wakafa.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa daraja. Angalizo humaanisha kwamba dhoruba inawezekana na muda wa kujiandaa upo, ilhali onyo humaanisha kwamba imeanza au i karibu kuanza. Joto hutajwa kwa Farenihaiti, ambapo maji huganda kwenye 32, na hutajwa pia baridi ya upepo, yaani jinsi mwili unavyopoteza joto upepo unapovuma: kwenye sifuri ya Farenihaiti, sawa na nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi, upepo wa kilomita 48 kwa saa hufanya mwili uhisi nyuzi 32 chini ya sifuri ya Selsiasi, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30.

Umeme ukikatika, jiko la mkaa na jenereta havipaswi kamwe kuwashwa ndani ya nyumba wala katika gereji, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Aliyekwama barabarani abaki ndani ya gari, kwa kuwa wengi waliofuata taa ya mbali kwa miguu walipotea. Awashe injini kwa dakika kama 10 katika kila saa, na kabla ya kila kuwasha aondoe theluji iliyoziba bomba la moshi na kufungua kidogo dirisha la upande usiokabiliana na upepo.